Usafi Unaopimika Ndio Unaolipa

Biashara chache zina mlango mpana kama wa usafi. Ndoo mbili, mopa, madumu ya sabuni, sare na usajili wa kampuni vinamtosha mtu kuanza kuitafuta kazi yake ya kwanza. Upana huo wa mlango umewainua wengi, hasa wanawake na vijana wasio na mtaji mkubwa, lakini pia ndio unaowakwamisha. Kila anayeingia anakuta wengine wamemtangulia, na kila atakayefuata atapunguza bei kidogo ili apate pa kusimama. Matokeo yake mijini kwetu kampuni za usafi ni nyingi, kazi zipo, na bado wenye kampuni hizo wanalalamika kwamba mwisho wa mwezi hakuna kinachobaki. Hoja ya makala haya ni kwamba tatizo lao si uhaba wa wateja. Wengi wanauza nguvu za watu kwa siku, bidhaa ambayo mshindani yeyote anaweza kuiuza kwa bei ya chini zaidi. Nafasi ya kukua iko kwa anayeuza usafi unaopimika, yaani anayeweza kumwonyesha mteja, kwa ushahidi, kwamba kilichoahidiwa kimefanyika.

Tuanze na soko lenyewe, kwa kuwa hapo habari ni njema. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Nchini Tanzania kwa jumla, wakazi wa mijini walipanda kutoka asilimia 29.6 ya watu wote hadi asilimia 34.9 katika miaka hiyo kumi. Watu hao wanaishi katika nyumba za ghorofa zenye ngazi, lifti na korido zisizo za mpangaji mmoja, wanafanya kazi katika majengo ya vioo, wananunua katika maduka makubwa na kusubiri mabasi ya mwendokasi katika vituo vinavyopitiwa na maelfu kila siku. Treni ya SGR ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ilileta pia mabehewa na stesheni zinazohitaji kusafishwa usiku na mchana. Watalii waliofika Tanzania mwaka 2023 walizidi milioni 1.8, na mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitakuwa wenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Kila kitanda cha mgeni ni shuka za kufuliwa, choo cha kusuguliwa na sakafu ya kupigwa deki kabla mgeni mwingine hajaingia.

Lakini mahitaji makubwa si faida. Ili kuona fedha zinapopotelea, tufanye hesabu ya mfano. Kampuni inaomba kazi ya kusafisha jengo la ofisi linalohitaji wafanyakazi wanane, kila mmoja akilipwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Mishahara ni shilingi 2,000,000. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na nusu yake ni ya mwajiri, kwa hiyo hapo panaongezeka shilingi 200,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unadai nusu ya asilimia moja, sawa na 10,000. Tuseme sabuni, dawa, vitambaa na sare vinachukua 300,000, na msimamizi pamoja na nauli na simu 290,000. Jumla ni shilingi 2,800,000, na hapo kodi ya ofisi na jasho la mwenye kampuni havijahesabiwa. Sasa mwenye kampuni anasikia kwamba mshindani ameandika 2,750,000, naye ili asikose anaandika 2,700,000. Ameshinda zabuni na amejifunga kupoteza shilingi 100,000 kila mwezi. Mteja naye anapolipa anakata kodi ya zuio ya asilimia 5, shilingi 135,000, ambayo itahesabiwa baadaye kwenye kodi ya mapato lakini kwa mwezi ule haimo mfukoni. Na kama malipo yatachelewa miezi mitatu, kampuni itakuwa imetoa shilingi 8,400,000 kabla ya kupokea hata senti.

Kampuni iliyo katika hali hiyo ina njia tatu za kuendelea kupumua, na zote tunazifahamu. Inapunguza wafanyakazi kutoka wanane hadi watano na kuwataka wafanye kazi ya wanane. Inaongeza maji kwenye dawa mpaka dawa inabaki harufu tu. Au inaacha kupeleka michango ya wafanyakazi na kuwacheleweshea mishahara. Mteja anaona vyoo vinanuka, anavunja mkataba, anatangaza zabuni upya, na anamchukua tena mwenye bei ya chini. Mzunguko huu hauwatajirishi wenye kampuni, hauwainui wafanyakazi, na wala haumpi mteja usafi. Wahenga walisema rahisi ghali. Hapa anayeuza na anayenunua wote wanaulipia urahisi huo.

Njia ya kutoka inaonekana vizuri zaidi hospitalini, mahali ambapo uchafu unagharimu maisha. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, wagonjwa 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata walau ambukizo moja wakiwa hospitalini humohumo. Vitanda, vitasa, mabomba na meza za dawa ni miongoni mwa njia wanazopitia vimelea wa maambukizi hayo. Watafiti walijaribu kuwafundisha wasafishaji katika hospitali tatu za Dar es Salaam, kisha wakapima vimelea kwenye sehemu zinazoguswa mara kwa mara kabla na baada ya mafunzo. Sehemu zilizokuwa safi kabla ya mafunzo zilikuwa kama theluthi moja tu. Baada ya mafunzo zilizidi nusu. Majengo yalikuwa yaleyale na wafanyakazi walewale. Kilichoongezeka ni maarifa, usimamizi na kipimo.

Maarifa yenyewe si ya ajabu, ila wengi hawayatumii. Dawa ya klorini, ile ambayo wengi huiita jiki, hufanya kazi vizuri juu ya mahali palipokwisha kuoshwa kwa sabuni, kwa sababu damu, mafuta na tope huidhoofisha. Ikishapakwa inatakiwa ibaki ikiwa imelowa kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Anayepaka na kufuta papo hapo amepoteza dawa na muda. Kitambaa kilichopita chooni hakirudi kwenye meza ya chakula, na ndiyo maana kampuni makini hugawa vitambaa na mopa kwa rangi, chooni rangi yake na jikoni rangi yake, hata asiyejua kusoma asikosee. Jiki haichanganywi na dawa za vyoo zenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Asidi hizohizo hula sakafu ya terazo na kuifubaza, na mwenye jengo atamdai msafishaji sakafu mpya. Upimaji nao una njia za gharama ndogo. Msimamizi anaweza kutia alama ya jeli isiyoonekana kwa macho kwenye kitasa au kingo za kitanda, kisha akarudi na tochi ya mwanga wa urujuanimno kutazama kama alama imefutwa. Ikiwa bado ipo, kitambaa hakikupita hapo, na hakuna haja ya ubishi.

Kinachofaa hospitalini kinafaa kwingine kwa kiwango chake. Mwenye nyumba ya kupangisha wageni wa siku mbili tatu kupitia Airbnb anaishi kwa maoni ya wageni. Nywele moja bafuni inaweza kumwondolea wateja wa mwezi. Huyo hanunui saa za mfanyakazi, ananunua uhakika kwamba kati ya saa nne asubuhi mgeni anapotoka na saa nane mchana mwingine anapoingia, chumba kitakuwa tayari, shuka zimebadilishwa, na picha za kila chumba zimefika kwenye simu yake. Kiwanda cha chakula kinataka daftari linaloonyesha nani alisafisha mashine gani, kwa dawa gani, saa ngapi, kwa sababu mkaguzi atakuja kuliuliza. Shule ya bweni inataka vyoo ambavyo wanafunzi hawataviogopa. Katika kila mfano, mteja yuko tayari kulipa zaidi kidogo kwa sababu gharama ya kukosa usafi kwake ni kubwa kuliko gharama ya usafi wenyewe. Mwenye kampuni anayetaka kukua aanze kwa kuwatafuta wateja wa namna hiyo, awaache wengine wagombanie jengo ambalo mwenyewe haoni tofauti kati ya sakafu iliyopigwa deki na iliyolowanishwa.

Zipo pia kazi ambazo bado hazijajaa watu kwa sababu zinahitaji ujuzi. Matangi ya maji, yawe ya zege au ya plastiki ambayo wengi huyaita simtanki, hukusanya tope na utando kadiri miaka inavyopita, na familia nyingi hazijui mara ya mwisho tangi lao lilioshwa lini. Kuliosha ni kulimaliza maji, kusugua kuta, kutoa tope, kutia maji yenye klorini na kuyaacha yakae, kisha kusuuza. Tangi kubwa la chini ya ardhi ni hatari kwa anayeingia, kwani hewa humo inaweza kuwa haba, hivyo mtu haingii peke yake bila kamba na mwenzake wa kumvuta. Paneli za sola nazo zimeongezeka juu ya mapaa ya nyumba, shule na viwanda, na vumbi likitanda umeme hupungua. Paneli husafishwa asubuhi na mapema kabla kioo hakijapata moto, kwa kuwa maji baridi yanaweza kukipasua. Brashi iwe laini, na maji ya kisima yenye chumvi yasiachwe yakauke juu yake maana huacha madoa meupe. Kuosha makochi na mazulia nyumbani kwa mteja, kusafisha vioo vya maghorofa, na kusafisha nyumba mpya baada ya mafundi kuondoka ni kazi za kundi hilohilo. Hakuna kati ya hizi inayoweza kufanywa vizuri na mtu aliyeokotwa njiani asubuhi hiyo, na hilo ndilo linaloilinda bei yake.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba mteja wa Afrika Mashariki hujali bei tu, na kwamba nyumbani yupo dada wa kazi anayefanya yote kwa mshahara mdogo. Kuna ukweli ndani yake. Kampuni haitamshinda dada wa kazi katika kuosha vyombo na kufagia uwanja, na haina sababu ya kujaribu. Lakini dada wa kazi hana mashine ya kunyonya maji kwenye zulia, haingii kwenye tangi, wala hapandi juu ya paa. Kampuni inayotoa huduma hizo mara mbili au tatu kwa mwaka haimwondoi mtu kazini. Inafanya lile asiloliweza. Kuhusu bei, mteja huangalia bei tu pale ambapo hana kingine cha kuangalia. Barua mbili za kuomba kazi zikiwa na maneno yaleyale, kwamba kampuni ina uzoefu na wafanyakazi waaminifu, kilichobaki kutofautisha ni tarakimu ya chini. Barua ya tatu ikionyesha ratiba ya kila eneo, orodha ya dawa na vipimo vyake, namna ya kukagua na ahadi ya kurudia bila malipo sehemu itakayokutwa chafu, mteja amepata cha kulinganisha. Si wote watakaoichagua, na kampuni haihitaji wote.

Pingamizi la pili hutoka kwa vijana wa teknolojia: kwamba mustakabali uko kwenye programu za simu zinazomkutanisha mteja na msafishaji, na kwamba mwenye ndoo atamezwa na mwenye programu. Historia fupi ya programu hizo haithibitishi hofu hiyo. Homejoy ya Marekani, iliyokuwa ikivuma kwa bei nafuu na fedha za wawekezaji, ilifungwa Julai 2015, ikikabiliwa na kesi kuhusu kama wasafishaji wake walikuwa waajiriwa au la. SweepSouth, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014 na kujipatia jina huko, ilijaribu kuingia Kenya na Nigeria, ikafunga shughuli zake katika nchi hizo mwaka 2022. Ugumu wa biashara ya namna hii unaeleweka. Dalali akishawakutanisha watu wawili, nao wakapendana kikazi, hakuna kinachowazuia kupeana namba za simu na kumruka. Anayebaki na mteja ni yule anayetoa kitu ambacho msafishaji peke yake hawezi kukitoa, yaani ukaguzi, vifaa, mbadala wa aliyeugua, na mtu wa kuwajibika kitu kikivunjika. Simu itumike, tena sana: kupokea malipo kwa lipa namba, kupanga zamu, kutuma picha za kazi. Lakini iwe chombo cha kampuni yenye watu na viwango, isigeuzwe kuwa ndiyo kampuni.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo ni la mwenye kampuni mwenyewe: ukimfundisha mfanyakazi ataondoka, ama aende kwa mshindani ama afungue kampuni yake na kuchukua wateja. Wapo watakaoondoka. Hata hivyo, tuitazame hesabu ya mfano tena. Katika shilingi 2,800,000, zaidi ya milioni mbili ni za watu. Kama watu ndio robo tatu ya gharama, basi ubora wa watu ndio robo tatu ya bidhaa, na kuacha kuwafundisha kwa kuogopa wataondoka ni kuchagua kuuza bidhaa mbovu ili isiibiwe. Kinachomwondoa mfanyakazi mara nyingi ni mshahara usiofika tarehe yake, glavu anazotakiwa kujinunulia, na kutoona njia ya kupanda. Kampuni inayomlipa kwa wakati, inayompelekea michango yake, inayompa nafasi ya kuwa kiongozi wa zamu kisha msimamizi, hupunguza idadi ya wanaoondoka. Kampuni ya ISS ya Denmark ilianza mwaka 1901 jijini Copenhagen ikiwa ya walinzi wa usiku, ikaingia kwenye usafi mwaka 1934, na leo ina wafanyakazi zaidi ya 300,000 duniani. Mitaji na sheria za kwao si za kwetu, na si kila kampuni ya Temeke au Nakuru itafika huko. Lakini ukubwa wa namna hiyo, katika biashara ambayo mashine ni chache na watu ni wengi, haupatikani pasipo kujua kufundisha na kusimamia watu.

Linabaki suala la mtaji na zabuni za serikali. Sheria ya ununuzi ya Tanzania hutenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na Kenya ina utaratibu unaofanana tangu mwaka 2013. Zabuni za Tanzania sasa hupita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, hivyo kikundi cha Songea kinaweza kuona tangazo siku ileile anapoliona mwenye ofisi Posta, Dar es Salaam. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ingawa mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Hizi ni fursa za kweli, lakini zabuni ya umma inayochelewa kulipwa inaweza kuiua kampuni changa haraka kuliko kukosa kazi. Busara ni kutoufanya mkataba mmoja kuwa uti wa mgongo. Kazi za nyumbani na za nyumba za wageni hulipwa siku ileile, na fedha zake ndizo zinazolipa mishahara wakati hundi ya mkataba mkubwa ikisubiriwa. Kampuni ambayo haina akiba ya kulipa mishahara ya miezi miwili mitatu bado haijafikia kiwango cha kuomba jengo kubwa, hata kama vigezo vyote vya zabuni imevitimiza.

Wateja pia wana sehemu yao, hasa mashirika na taasisi zinazotangaza zabuni. Tangazo linaloomba wasafishaji kumi na bei ya chini litaletewa watu kumi na bei ya chini. Tangazo linalotaja kiwango cha usafi kwa kila eneo, namna kitakavyokaguliwa na makato pale kinapokosekana litaletewa usafi. Taasisi inayokubali bei ambayo kwa hesabu nyepesi haiwezi kulipa mishahara halali inajua, au ilipaswa kujua, kwamba mtu atadhulumiwa. Kulipa kwa wakati nako ni sehemu ya ununuzi bora: mteja anayechelewesha malipo miezi mitatu ndiye huyohuyo atakayeshangaa kukuta sabuni imekwisha chooni.

Kwa hiyo, mwenye kampuni ya usafi anayejiuliza akue vipi mwaka huu, asianze kwa kununua mashine ya pili wala kwa kushusha bei. Aketi na daftari aandike gharama halisi ya kila mkataba alionao, michango na makato yote yakiwemo, na ule unaomla auombee bei mpya au auache. Achague huduma moja au mbili atakazozijua kuliko wengine wa mji wake, iwe matangi, makochi, zahanati au nyumba za wageni. Awafundishe watu wake, awalipe kwa tarehe, na kila kazi iachiwe ushahidi ambao mteja anaweza kuuona hata kama hakuwepo. Akifanya hivyo atapoteza zabuni kadhaa kwa wenye bei ya chini, na huenda mwaka ukaisha akiwa na mikataba michache kuliko aliyoanza nayo. Lakini iliyobaki itakuwa inamlipa, na biashara hukuzwa na mikataba inayolipa.